Kipande cha Mjomba: Keki ya Harusi Chini ya Milima ya Uluguru

Msafiri aingiaye mjini Morogoro jioni ya Jumamosi, hasa katika miezi ya kiangazi baada ya mavuno, aghalabu hakosi kupishana na msafara wa harusi. Matarumbeta yako mbele, juu ya gari la wazi. Maharusi wako katikati, katika gari lililofungwa maua na utepe. Na nyuma kabisa, likienda pole kuliko yote, huja gari alimokaa mwanamke mmoja aliyeshikilia kwa mikono miwili kitu asichokiachia hata nzi akimtua puani. Kitu hicho ni keki. Msafara mzima unaweza kupiga honi na kuzunguka mji mara tatu, lakini gari hilo huenda moja kwa moja ukumbini, na dereva wake huyajua mashimo yote ya njia.

Sisi watu wa visiwani tunapoandika juu ya harusi huandika juu ya udi, vugo, singo na halua, na keki tukaipita kama kitu cha kuazima kisichostahili wino. Ni kweli kwamba keki ni ya kuazima. Lakini chakula cha harusi hakipimwi kwa asili yake tu. Biriani nayo ilikuja na majahazi, na halua tunayoionea fahari, hata ile ya Wete isifiwayo pande zote, ni jamaa wa halua ya Maskati. Swali lenye uzito zaidi ni nani analishwa na nani, nani anaanza na nani anasahauliwa. Kwa swali hilo keki ya Morogoro ina habari kubwa, kwa kuwa ilifika mahali ambapo jibu la zamani lilikuwa tofauti kabisa na lile iliyokuja nalo.

Tuanze mbali kidogo. Warumi wa kale walikuwa na aina ya ndoa iliyofungwa kwa mkate wa nafaka iitwayo far, ndugu ya ngano. Mkate huo ulitolewa kwa mungu wao Jupita mbele ya mashahidi kumi, na ndoa yenyewe ikapewa jina kutokana na nafaka hiyo. Kwa hiyo tangu zamani hizo ngano na ndoa zimekuwa zikienda pamoja. Waingereza nao walikuwa na mikate na sambusa kubwa za nyama za bibi harusi kabla keki haijashika. Mwaka 1769 mwanamke mmoja wa Manchester, Elizabeth Raffald, alichapisha kitabu cha mapishi chenye maelezo ya keki ya harusi iliyopakwa lozi, kisha juu yake sukari nyeupe. Tangu hapo umbo likawa limepatikana: tunda na viungo ndani, weupe nje.

Weupe huo haukuwa rahisi. Sukari safi ilikuwa ghali, na kadiri ilivyosafishwa ndivyo bei ilivyopanda. Aliyepaka keki sukari nyeupe alikuwa akitangaza mali yake. Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840, keki yake ilikuwa na uzito wa ratili 300 hivi na mzingo wa yadi 3. Msomaji wa pwani na akumbuke kwamba watumwa wa mashamba ya miwa katika visiwa vya Karibi vya Waingereza walikuwa wameachiwa huru kamili mwaka 1838 tu, miaka miwili kabla ya keki hiyo. Ghorofa za keki zilikuja baadaye: katika harusi ya binti yake mkubwa mwaka 1858 ghorofa za juu zilikuwa sukari tupu, na inasimuliwa kwamba ilikuwa katika harusi ya mwanawe Leopold, mwaka 1882, ndipo ghorofa zote zikawa keki ya kulika. Nayo sukari ilipoadimika wakati wa vita, Serikali ya Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1940 kupaka keki sukari, watu wakawa wanaazima maboksi ya karatasi ngumu yaliyopambwa, wakayafunika juu ya kijikeki kidogo. Habari hiyo tutaihitaji mbele.

Mwaka huo huo wa 1882, keki ya Leopold ilipokuwa ikikatwa Uingereza, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wakijenga misheni Morogoro, chini ya Uluguru. Safari yao ilianzia kwetu. Walishika misheni ya Unguja mwaka 1863, wakavuka Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda hadi Mhonda, chini ya milima ya Nguru, mwaka 1877, kabla ya kufika Morogoro. Walikuja na nani? Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Walikuja na vijana wa kiume na wa kike waliokombolewa utumwani, wengine wakiwa wamepitia soko letu la Unguja kabla halijafungwa mwaka 1873. Vijana hao walilelewa Bagamoyo, wakaozeshwa kanisani, wakapewa kibanda na shamba, wakawekwa katika vijiji vya Kikristo ili wawe mbegu ya kanisa bara.

Hebu tuitazame harusi hiyo. Bwana harusi amechukuliwa akiwa mtoto, pengine ng'ambo ya Nyasa; bibi harusi hajui tena jina la kijiji cha mama yake. Hakuna mshenga wa kutumwa, hakuna mzee wa kupokea mahari, hakuna shangazi wa kumfunda mwali, hakuna mjomba wa kukaa kwenye mkeka na kusema ndiyo au hapana. Wapo wawili, na padri mbele yao. Kwa wale walionyang'anywa kila kitu, ndoa hiyo ilikuwa heshima kubwa, wala sisemi hivyo kwa kejeli. Lakini ndiyo harusi ya kwanza ya kanisa iliyoonekana katika nchi hiyo, na ilikuwa harusi isiyokuwa na ukoo. Keki haikuwepo siku hizo. Hata hivyo mahali pake palikuwa pamekwisha kutayarishwa: watu wawili wamesimama peke yao, na wote wengine ni watazamaji.

Na nchi yenyewe ilikuwa nchi ya ukoo. Waluguru, kama jirani zao Wakaguru, Wakutu, Wakwere na Wazigua, walihesabu nasaba kwa upande wa mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, yaani ukoo wa mama. Ardhi ya mlimani ilikuwa ya ukoo huo, ikirithiwa kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Na tawi la ukoo liliitwa tombo, neno ambalo kwa Kiluguru maana yake ni titi. Milima ya Matombo imepata jina kwa umbo hilo hilo, na anayeitazama kutoka njia ya Kisaki haitaji kufafanuliwa. Katika utaratibu huo baba ni mtu wa heshima na mapenzi, lakini mwenye neno la mwisho juu ya kumwoza binti, juu ya shamba atakalolima na juu ya ugomvi utakapotokea, ni kaka wa mama. Mwali wa Kiluguru alipotoka ndani baada ya kufundwa, akachezewa ngoma, alitolewa mbele ya macho ya ukoo huo.

Chakula cha harusi za kale kilikuwa cha nchi: kuku, mchele wa mabondeni, mahindi, ndizi, na zaidi ya vyote pombe ya nafaka. Pombe ilikuwa na adabu yake. Haikunywewa ovyo; mitungi ilihesabiwa, ikatajwa kwa majina ya wanaostahili, upande huu na upande ule. Aliyeachwa katika hesabu ya mitungi alijua kwamba ametukanwa. Nayataja haya mapema ili msomaji asije akadhani kwamba kugawana kitu kitamu mbele ya umati, kwa majina na kwa zamu, ni jambo Waluguru walilofundishwa na keki.

Reli ya kati ilifika Morogoro kutoka Dar es Salaam mwaka 1907, na pamoja nayo magunia ya unga wa ngano na sukari. Mwaka 1911 Wajerumani walijenga nyumba yao ya Morningside juu kwenye ubavu wa mlima, penye baridi ya kuwakumbusha kwao. Likafuata katani, na Wagiriki wenye mashamba ya katani, na Wahindi wenye maduka, na Wagoa waliokuwa makarani, washoni na wapishi. Wagoa hatuna haja ya kuelezwa. Mji Mkongwe unawajua. Keki nyeusi ya zabibu iliyolowekwa siku nyingi, tuliyoijua kwao, ndiyo iliyokuwa pia ikiokwa katika nyumba zao bara. Shule za wasichana za misheni nazo zikafundisha mapishi na ushonaji, na hapo ndipo mkono wa Kiafrika uliposhika mchapo. Kufikia miaka ya 1950 mwalimu, karani au mganga wa serikali aliyeoa kanisani aliona kwamba harusi bila keki imepungua kitu.

Kuoka kwenyewe hakukuwa kugeni kama tunavyodhani. Mwanamke wa pwani ameoka mkate wa kumimina na mkate wa mayai kwa moto wa juu na moto wa chini tangu zamani, makaa yamepaliwa juu ya kifuniko. Maarifa hayo hayo ndiyo yaliyoipandisha keki milimani. Hadi leo, penye umeme na pasipo umeme, wako wanawake wa Morogoro wanaooka keki katika sufuria iliyotandikwa mchanga ndani yake, makaa chini na makaa juu, wakipima joto kwa kiganja cha mkono. Nimewahi kula keki ya namna hiyo iliyotiwa iliki na mdalasini wa Kinole. Wenzangu wa Pemba wasiponisamehe nitawaelewa, lakini mashariki ya Uluguru, pande za Kinole na Matombo, karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga zinamea vizuri, na harufu ya keki ile iliniweka katikati ya Chake Chake.

Mwaka 1955 milima hii ilitikisika kwa sababu nyingine. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, na huko Matombo watu wakakataa kwa ghasia. Mzee mmoja aliwahi kuniambia kwa utani kwamba Mzungu alipenda ngazi kila mahali: ngazi mlimani, ngazi kwenye keki. Nilicheka. Baadaye nikaona kwamba alikuwa akisema jambo la kweli kuhusu ardhi: waliokuwa wakiamrishwa kuchimba walikuwa wakichimba ardhi ya ukoo, na aliyeulizwa hakuwa mkuu wa ukoo.

Uhuru ulipokuja, mjomba hakupata nafuu. Mwaka 1963 serikali ilitangaza sheria za mila zilizoandikwa, na mila zilizoandikwa zilikuwa za makabila yanayohesabu ukoo kwa baba. Watu wa ukoo wa mama walibaki bila kitabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, ikaweka ndoa mikononi mwa wanaooana, ikasema wazi kwamba kutolipwa mahari hakuibatilishi ndoa. Misikiti, ambayo ina waumini wengi Morogoro, na makanisa, yote yalikuwa yakimtaja baba kama walii au mzazi wa kumtoa binti. Hakuna aliyemfukuza mjomba. Ila kila karatasi mpya iliyochapwa ilikuwa na mstari wa jina la baba, na haikuwa na mstari wa jina lake.

Ikaja njaa ya sukari. Mkoa wa Morogoro ulikuwa na viwanda viwili vikubwa vya sukari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kilombero kusini na Mtibwa huko Turiani, mwendo mfupi kutoka Mhonda ile ya vijana waliokombolewa. Lakini baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa ziliadimika nchi nzima. Unga wa ngano, sabuni, mafuta ya kupikia na sukari vilikuwa vitu vya foleni na vya kibali. Mwenye harusi alikwenda kwa viongozi wake kuomba kilo chache za sukari, akaeleza idadi ya wageni, akaahidi kwamba harusi ni ya kweli. Mwaka 1983 ukaanza msako wa wahujumu uchumi, na mtu aliyekutwa na magunia mawili ya sukari alikuwa na maswali ya kujibu. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyeuongoza msako huo, alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, katika mkoa huu huu wa Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Na Chuo Kikuu cha Kilimo kilichoanzishwa mjini mwaka huo kikabeba jina lake.

Katika miaka hiyo ya dhiki ndipo keki ilipojifunza ujanja wa Waingereza wa 1940 bila ya kufundishwa. Palikuwa na keki za ghorofa tatu ambazo ghorofa mbili zake zilikuwa boksi lililopakwa, na kisu cha maharusi kikaelekezwa kwa upole kwenye ghorofa ya kweli. Wapo waliotumia sukari guru, keki ikatoka nyeusi kama udongo wa bondeni, na ikaliwa. Siwacheki hata kidogo. Wakati kijiko cha sukari kilikuwa cha kibali, kumpa mzazi wako kipande cha keki mbele ya watu lilikuwa tendo zito kuliko lilivyo leo, na nadhani ndipo desturi hiyo ilipokomaa: vipande vichache, kwa hiyo lazima wateuliwe wa kupewa.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 keki ikanenepa. Zikaja harusi za kamati, kadi za michango, mshereheshaji na ukumbi. Keki moja ikazaa keki nyingi: kubwa ya maharusi katikati, ndogo pembeni kwa ajili ya wazazi wa pande mbili, zimeunganishwa kwa vidaraja na vingazi vya plastiki, na pengine chemchemi ya maji yenye taa chini yake. Wachaga waliohamia mjini wakaleta ndafu, mbuzi mzima aliyebanikwa na kusimamishwa na jani mdomoni, na washereheshaji wakamwita keki ya asili. Mbuzi akaitwa keki! Hapo mtu anaona jinsi neno hili la Kiingereza lilivyokwisha kuacha maana ya unga na sukari, likawa na maana ya kile kinachokatwa mbele ya watu na kugawiwa kwa heshima. Mitungi ya pombe ya zamani ingeitwa hivyo hivyo.

Utaratibu wa ukumbini unajulikana. Maharusi hushika kisu pamoja, watu huhesabu hadi tatu, kisu hushuka. Wanalishana wao kwa wao. Kisha bibi harusi hupiga magoti akawapelekea keki wakwe zake, bwana harusi naye akapiga magoti kwa wakwe zake. Kupiga magoti hakumo katika kitabu cha Raffald. Hilo ni letu. Lakini wanaopigiwa magoti ni baba na mama, wawili upande huu na wawili upande huu, kama picha ya nyumba ya Kizungu. Mshereheshaji ambaye pengine ametoka Bukoba au Moshi, na ambaye kwao ukoo ni wa baba, hana sababu ya kujua kwamba kuna mtu mwingine ukumbini.

Nilikuwa katika harusi moja ya namna hiyo mjini Morogoro. Bibi harusi alikuwa Mluguru wa pande za Kinole, penye kiti cha Kingalu, na bwana harusi alikuwa mtu wa kuja. Keki ilikuwa nyeupe, ya ghorofa nne, na nilikwisha kuambiwa kwamba mbili zilikuwa za plastiki. Wazazi waliitwa, wakaja kwa muziki, wakalishwa, wakapigwa picha. Kamati ikapewa kipande chake. Mshereheshaji akatangaza chakula. Karibu na mlango alikuwa amekaa mzee mmoja aliyevaa koti la kijivu na kofia, fimbo iko kati ya magoti. Hakuwa amenuna. Alikuwa anatazama tu, kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua ratiba yake imebadilishwa. Wanawake wa meza ya mbele walianza kunong'onezana, mmoja akainuka akamfuata mshereheshaji, akarudi. Muziki ulikuwa mkubwa.

Bibi harusi ndiye aliyeuvunja utaratibu. Alishuka jukwaani na shela lake, mpambe akimkimbilia kushika mkia wa gauni, akakata mwenyewe kipande kutoka ghorofa ya chini, tena kikubwa kuliko vile vya wazazi, akapita katikati ya meza hadi mlangoni. Akapiga magoti kwenye sakafu.

"Mjomba, pokea."

Ukumbi ulikuwa umenyamaza. Mzee alikitazama kile kipande, akamwekea mkono kichwani juu ya shela.

"Nimepokea, mwanangu. Kinywa changu hakina meno ya sukari. Nifungie."

Wakatafuta karatasi laini, wakaifunga mara mbili. Vigelegele vilivyopigwa vilitoka meza za nyuma, kwa wale walioteremka kutoka milimani, na mama wa bibi harusi, ambaye alikuwa amelishwa keki kwa muziki dakika chache kabla na hakutoa chozi, alijifunika uso kwa kitenge.

Nilimkuta mzee asubuhi ya pili kwenye kituo cha magari, amepakata kifurushi kile kile. Nilimwamkia, nikamuuliza kama keki ilikuwa tamu. Alisema hajaionja. Ilikuwa inapanda Kinole kwa mama yake, bibi mzaa mama wa bibi harusi, ambaye miguu imekataa kuteremka mlima, na ambaye alikuwa ameagiza kwamba asiletewe habari ya harusi kwa maneno matupu.